SOMO KWA MAKATIBU: KIBARUA WA DIKONI ANA KAZI AU HANA?



Asimamaye diko la Malindi alfajiri, vyombo vinapoingia, huona wavuvi wakishusha samaki, dalali akinadi na mahamali wakisukuma magari yao. Mwulize mmoja wao kazi yake, yumkini atajibu: "Sina kazi, nahangaika tu." Barazani jibu hilo halidhuru. Likitolewa mbele ya mdadisi wa utafiti wa nguvukazi, laweza kumfuta mtu huyo katika hesabu ya wafanyao kazi, pamoja na saa zake na ujira wake.

Tafiti hizi si ngeni Unguja. Mwaka 1948, mwaka ule ule wachukuzi wa bandarini walipogoma, ulianza uchunguzi mkubwa wa hali ya jamii ukiongozwa na Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Baadaye Zanzibar ilifanya tafiti za nguvukazi mwaka 2006, 2014 na 2020/21.

Utafiti hauhesabu watu wote kama sensa. Huchaguliwa kaya chache, na kila moja husimama badala ya nyingi. Kwa hiyo jibu moja la haraka huzaa kosa kubwa. Mdadisi huuliza juu ya siku 7 zilizopita: je, ulifanya kazi ya malipo au faida, hata kwa saa 1? Hamali aliyebeba kapu moja tu Jumanne atajibu ndiyo. Kadhalika mke akaangaye samaki wa biashara ya nyumbani, ingawa halipwi. Mkutano wa wanatakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 uliamua kuwa avuaye kwa kitoweo chake tu anafanya kazi, lakini asihesabiwe katika ajira. Nasi twaona mpaka huo ni mwembamba mno kwa mvuvi wetu, ambaye fungu moja huenda mnadani na jingine chunguni.

Tatizo kubwa zaidi ni mgao. Baharia halipwi mshahara. Hutolewa gharama za safari, chombo kikachukua sehemu yake, ndipo mabaharia wakagawana kilichobaki. Je, huyu ameajiriwa au amejiajiri? Mwaka 2018 wanatakwimu walikubali fungu jipya la watu wanaoitwa wenye kujiajiri huku riziki yao ikimtegemea mwingine. Basi mwanachama asikimbilie kusema "nimejiajiri". Aeleze chombo na nyavu ni za nani, nani hupanga bei, na mgao hufanywaje.

Katibu aweke daftari la safari: tarehe, saa za kutoka na kurudi, mabaharia waliokwenda na fungu la kila mmoja. Mdadisi anapofika, Katibu asimjibie mwanachama. Amwonyeshe daftari lake ajikumbushe. Awafahamishe pia wale wenye hofu ya kodi kwamba sheria ya takwimu hairuhusu kutoa habari za mtu mmoja mmoja.