Mnyororo wa Baisikeli

Mtoto mmoja alitumwa na baba yake kupeleka mihogo sokoni kwa baisikeli, chombo ambacho wengi huku kwetu hukiita kinga. Baisikeli ile haikuwa na breki ya mkono. Ilisimama kwa kukanyaga pedali kinyume. Mnyororo ulikuwa umelegea, nao ukagonga chuma njia nzima: ka, ka, ka. Mtoto alisikia, lakini hakushuka kutazama.

Kwenye mteremko mnyororo ukachomoka. Mtoto akakanyaga kinyume, pedali zikazunguka bure. Kwa nini? Breki ya namna hii imo ndani ya gurudumu la nyuma, na mnyororo ndio unaoitia nguvu. Mnyororo ukitoka, breki haipo tena. Mtoto akaanguka mferejini, goti likachubuka, mihogo ikatawanyika.

Aliporudi nyumbani, akaukaza mnyororo kwa nguvu zake zote. Baba akaugusa, akasema: «Mwanangu, asubuhi ulilegea mno, sasa umekazwa mno. Mnyororo wa hivi hufanya pedali kuwa nzito, hula meno ya magurudumu na kuharibu gololi. Njoo, tutafute kipimo chake.»

Tazameni walivyofanya.

1. Walipindua baisikeli, ikakaa juu ya kiti na usukani.

2. Walizungusha pedali polepole, wakatafuta mahali mnyororo unapokaza zaidi. Gurudumu la meno si duara kamili, kwa hiyo mnyororo haukazi sawasawa pote. Hapo ndipo pa kupimia.

3. Walilegeza nati mbili za gurudumu la nyuma, na msumari wa nati unaoshika mkono wa breki kwenye fremu.

4. Walivuta gurudumu nyuma kidogo kidogo, wakaliweka katikati ya fremu, lisiegemee kuume wala kushoto.

5. Walikaza nati zote mbili kwa zamu, kisha wakakaza mkono wa breki.

6. Baba alisukuma mnyororo kwa kidole, katikati ya magurudumu mawili ya meno. Ulicheza juu na chini kadiri ya sentimeta 1. Akasema: «Hiki ndicho kipimo.»

Mwisho waliusafisha mnyororo kwa kitambaa, wakatia tone la mafuta ya mashine katika kila kiungo, wakapangusa yaliyozidi. Mafuta mengi hushika vumbi, na vumbi husaga chuma. Msitie mawese, kwa maana huganda.

Mnyororo wa zamani hurefuka, kwa sababu pini zake huliwa. Hesabu viungo 24, upime toka pini ya kwanza hata ya 25. Mnyororo mpya una sentimeta 30 na nusu. Ukifika 30.8, ubadilishwe, hata kama umekazwa vizuri.

Watoto, angalieni vidole: msiguse mnyororo gurudumu likizunguka. Tena msingoje mteremko uwafundishe. Kabla ya safari, gusa mnyororo kwa kidole. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja.

Maulizo

1. Kwa nini mtoto alishindwa kusimamisha baisikeli?
2. Mnyororo uliokazwa mno huharibu nini?
3. Mnyororo wenye kipimo chema hucheza sentimeta ngapi?
4. Nyumbani kwenu kuna baisikeli? Pimeni mnyororo wake, mje mtueleze.