Huruma Yataka Mpango

Wahenga walisema kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Twaogopa ya kuwa neno hilo latuhusu hata sisi tunaokutana kila Jumapili mbele ya altare moja. Wakati wa Kwaresima twatoa sadaka kwa moyo mwema, na jambo hilo lastahili sifa. Lakini mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka kanisani, ambaye jana hakuinjika chungu, mara nyingi hapati kitu. Si kwamba sote tu wachoyo, bali hakuna aliyeagizwa kumtazama.

Shida hii si ngeni katika Kanisa. Tukisoma sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, twaona kwamba pale Yerusalemu chakula kiligawiwa kila siku, na hata hivyo wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa. Mitume hawakutoa hotuba ndefu juu ya upendo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono, wakawakabidhi kazi hiyo. Somo letu la leo ndilo hili: huruma isiyo na mpango huwasahau wasiopiga kelele.

Vivyo hivyo mjini Paris mwaka 1833, Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa miaka 20, alianza pamoja na wenzake wachache chama ambacho leo twakijua kwa jina la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Vijana hao walikuwa na moyo, lakini hawakuwajua maskini. Walimwendea Sista Rosalie Rendu, aliyezijua nyumba za wahitaji wa mtaa wake, naye akawaonyesha milango ya kubisha. Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo, na kila jumuiya yazijua nyumba zake. Basi nusu ya kazi imekwisha fanyika.

Inayobaki tuifanye kwa utaratibu. Kwanza, kila jumuiya ichague watu wawili au watatu waaminifu, wanaume kwa wanawake. Anayeshika ufunguo wa ghala asiwe yule anayeandika daftari. Wapite nyumba kwa nyumba bila kishindo, wawatambue wajane, wagonjwa, na wazee wanaolea wajukuu yatima. Wasiulize mtu ni wa dini gani, maana njaa haiulizi.

Pili, tukusanye wakati wa mavuno, wala tusingoje njaa ifike. Katika nchi kavu za Dodoma na Singida mvua ni za msimu mmoja. Watu huvuna kuanzia Mei, na ghala nyingi huwa tupu kati ya Desemba na Machi, wakati uleule wa kulima na kupalilia. Asiye na chakula huenda kulima shamba la mwenzake apate unga wa siku, na huku shamba lake lamezwa na magugu. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao. Mtu akipewa nafaka wakati wa palizi, hakupewa mlo tu. Ameokolewa mavuno yake.

Wala mzigo si mkubwa. Nyumba 60 zikitoa nusu debe ya mahindi au mtama kila moja, zitapatikana debe 30, yaani kilo 500 na zaidi. Nyumba ya watu watano ikipewa kilo 2 kwa siku, akiba hiyo yaweza kulisha nyumba tatu wa namna hiyo katika siku 80 za shida. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, nafaka itunzwe vema. Ikaushwe sana, iwekwe juu ya chaga mbali na ukuta, wala tusitoe sadaka ile iliyoota ukungu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kumpa maskini tusichoweza kula sisi wenyewe si sadaka.

Nne, tulinde heshima ya anayepokea. Hesabu ya magunia isomwe hadharani kila mwezi, lakini majina ya waliosaidiwa yasitajwe kanisani wala kilabuni. Mwenye nguvu akopeshwe nafaka, arudishe baada ya mavuno kiasi kilekile bila riba. Asiye na nguvu apewe bure, na vijana wamlimie shamba lake Jumamosi moja kwa zamu.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali. Ni kweli kwamba njaa ya nchi nzima yataka mkono wa serikali, nasi hatuna budi kuidai haki hiyo. Lakini moshi usiotoka jikoni kwa jirani huonwa kwanza na jirani.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: jumuiya zenu zitakapokutana juma hili, msiagane kabla ya kuwachagua watu hao na kununua daftari. Bwana wetu ametuambia ya kuwa siku ya hukumu tutaulizwa habari ya wenye njaa. Na tuanze sasa kuyaandaa majibu yetu, debe kwa debe.