Kabla ya Kununua Rangi, Bandika Nailoni Ukutani

Fundi rangi aliingia chumbani kwa mwanangu, akaugusa ukuta kwa kidole, akasema: "Mama, hapa tunapiga rangi ya mafuta mara mbili, fangasi hawarudi." Maneno hayo hayo aliyasema fundi wa masika iliyopita. Rangi yake ya mafuta ndiyo ilikuwa imefura mbele yetu, ukiibonyeza inatoa maji.

Tunaishi nyumba ya kupanga Mikocheni, Dar es Salaam. Binti yangu ana pumu, na masika ikianza, Machi hadi Mei, hukohoa usiku kucha na kifua kinapiga filimbi. Daktari aliniuliza kama nyumbani kuna ukungu. Nikamwonyesha picha za nyuma ya kabati, wala hakushangaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likavihusisha na pumu, kikohozi na kubanwa kifua.

Hatua nitaziandika kwa mpangilio. Ya kwanza: jua maji yanatoka wapi.

Chukua nailoni angavu ya kujalidia madaftari, kata kipande cha ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Pangusa ukuta ukauke juu juu, kisha kibandike kwa selotepu pande zote nne, pasibaki upenyo hata wa sindano. Selotepu nyembamba ya ofisini haishiki kwenye ukuta wenye vumbi la rangi. Tumia ile pana ya kahawia ya kufungia maboksi. Acha siku moja au mbili. Matone yakitokea kati ya nailoni na ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Yakikaa juu ya nailoni, upande wa chumbani, yanatoka kwenye hewa. Na usibandike mahali pamoja tu: weka kipande kimoja karibu na sakafu, kingine usawa wa kifua. Changu cha chini kililowa chepechepe kwa ndani, cha juu kikabaki kikavu. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ardhini.

Nikatoka na fundi uani. Pevingi zilikuwa zimepandishwa kupita ile nailoni ambayo waashi huitandika juu ya msingi kuzuia maji yasipande, tena zimeinamia nyumba. Tenki likifurika, maji yote yanakimbilia ukuta wa mtoto. Rangi ya mafuta ingeyafungia humo humo. Fundi simlaumu sana. Namlaumu muuzaji wa duka la rangi aliyemuuzia kopo la bei kubwa akiapa kuwa ni dawa ya fangasi, bila kuuliza ukuta unalowa kwa sababu gani.

Baba mwenye nyumba naye alisema watoto wa siku hizi ni mafua tu. Nikamsomea habari za Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa Rochdale, Uingereza, aliyefariki Desemba 2020. Uchunguzi wa kifo chake, uliomalizika 2022, ulisema chanzo ni ukungu wa nyumba waliyopanga wazazi wake, na bunge la huko likatunga sheria kwa ajili yake. Mzee akanyamaza. Juma lile lile safu ya pevingi ikang'olewa, ukachimbwa mtaro, ukajazwa kokoto.

Ya pili: kwangua rangi yote ya mafuta, mtoto akiwa amelala kwa bibi yake, maana vumbi lile si la kuvutwa na mwenye pumu. Subiri mpaka nailoni mpya itoke kavu, ndipo upake chokaa, inayoacha ukuta upumue.

Sebuleni majibu yalikuwa kinyume: matone yalikaa upande wa chumba. Ukuta ule unapakana na chumba chetu cha kulala, na kiyoyozi kilikuwa kinaupoza usiku kucha, hewa ya joto ya sebuleni ikigeuka maji juu yake. Tulipandisha kiyoyozi hadi nyuzi 26, tukaacha kuanika nguo ndani, basi.

Kipima unyevu kidogo cha namba kinafaa. Lenga chini ya asilimia 60. Usifungue madirisha asubuhi ya mvua ukidhani unakausha, kwa sababu hewa ya nje yenyewe mara nyingi hupita asilimia 80. Ngoja jua litoke. Na wale wanaouza mitandaoni mashine za mvuke zenye taa za rangi, "kwa kifua cha mtoto", wanawakosea wazazi wa Pwani. Mashine hizo ni za nchi za baridi, ambako hita hukausha hewa ya ndani. Huku unaongeza maji palipojaa maji.

Kabati sasa liko mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Binti yangu analala bila kukohoa, lakini dawa yake ya kuvuta hatujaigusa. Atakayeipunguza ni daktari.