Homa za Baada ya Masika Katika Kisii na Nyamira

Magonjwa yana majira yake kama vile wimbi na mahindi. Katika Kisii na Nyamira mvua ya masika hunyesha tangu Machi hata Mei. Nao waganga wa hospitali na zahanati huona wagonjwa wa malaria wakiongezeka tangu Mei hata Julai.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni maji. Mbu jike wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama yenye kupata jua, kama yale ya mashimo ya udongo wa matofali na ya mabonde yaliyofyekwa. Ya pili ni joto. Vimelea vya malaria hukua kwanza ndani ya mbu, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi za sentigredi, havikui. Kwa hiyo katika nchi ya milima ugonjwa huu haukai mwaka mzima kama kando ya Ziwa Victoria, bali huzuka kwa ghafula mvua na joto vinapozidi.

Hapo ndipo ilipo hatari. Watu wa kando ya ziwa huumwa mara kwa mara tangu utoto, hata miili yao ikapata kinga kiasi. Watu wa milimani hawana kinga kama hiyo. Malaria ikizuka huwalaza hata watu wazima wenye nguvu. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena katikati ya 2002, watu wengi walipokufa.

Lakini si kila homa ni malaria. Julai ni mwezi wa baridi, na nimonia nayo huanza kwa homa. Mzazi na ahesabu pumzi za mtoto anayekohoa, akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hata 5 akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo mtoto mwenye degedege, au asiyeweza kunyonya.

Basi homa ikiingia nyumbani, haifai kukisia wala kungoja. Damu ipimwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa akipewa dawa ya mseto ya siku 3, aimalize yote hata akijiona amepona. Nao wote wa nyumbani walale ndani ya chandarua chenye dawa, na mashimo yasiyo na kazi yafukiwe kabla ya masika.