TUJIFUNZE KIINGEREZA: NENO "WATER" NA MATUMIZI YAKE SAHIHI



Wanafunzi wetu wapenzi, katika somo letu la mwaka huu tumechagua neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "water", yaani maji. Huenda mtu akasema neno hili analijua hata mtoto wa darasa la kwanza. Ni kweli analijua, lakini kulijua neno ni jambo moja na kulitumia vizuri ni jambo jingine. Katika madaftari tunayosahihisha, neno hili ni miongoni mwa yale yanayowapotezea wanafunzi alama nyingi. Tena sisi wa Newala na Masasi tuna haki zaidi ya kulisoma, kwani hakuna anayejua thamani ya maji kama aliyeyafuata mbali.

MAJI KATIKA LUGHA TATU

Kosa la kwanza linatokana na lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili, maji yako katika ngeli ya YA. Tunasema "maji haya ni machafu", "maji mengi yamemwagika". Neno lenyewe lina sura ya wingi, wala hatuna umoja wake. Basi mwanafunzi anapohamia kwenye Kiingereza huubeba wingi huo na kuandika: "These waters are dirty." Hilo ni kosa. Sahihi ni: "This water is dirty." Kwa Kiingereza, maji huhesabiwa kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Kwa hiyo tunatumia "is", "was", "has", "this" na "that".

Nyinyi mnaosoma Kiarabu hapa madrasa mna njia nyepesi ya kulikumbuka jambo hili. Neno "maa-un" ni umoja, nalo ni la kiume. Katika aya ya mwisho ya Suratul Mulk, Mwenyezi Mungu anawauliza watu: maji yao yakididimia ardhini, ni nani atakayewaletea maji yanayotiririka? Ukiitazama aya hiyo kwa Kiarabu utaona maji yametajwa kwa umoja. Basi Kiarabu na Kiingereza hapa vinakwenda njia moja, na Kiswahili kinakwenda njia yake.

Aya hiyo inatugusa sana. Uwanda wa juu wa Makonde una udongo unaofyonza maji. Mvua hunyesha, lakini maji huzama chini na hakuna mto unaotiririka huku juu. Chemchemi hutokea chini kwenye miteremko na mabondeni. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Mto Ruvuma lote mbele yako, ilhali ndoo yako ni tupu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 pamekuwa na mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni kuja juu, na mpaka leo maji ya mradi wa Makonde yanatoka Mitema. Ndugu zetu wa Masasi, walio chini penye majabali, wao wanapata maji kutoka chemchemi ya Mbwinji.

TUNAHESABUJE MAJI?

Kwa kuwa "water" haihesabiki, hatusemi "one water, two waters". Tunahesabu chombo au kipimo:

"A glass of water": bilauri moja ya maji.
"Two buckets of water": ndoo mbili za maji.
"Twenty litres of water": lita ishirini za maji.

Angalieni vizuri: alama ya wingi inakaa kwenye chombo, haikai kwenye maji. Usiandike "two bucket of waters".

Hata katika fiqhi tunapima hivyo hivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Anas (r.a.) ametueleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi kwa hesabu ya wanazuoni wengi haifiki lita moja. Kwa Kiingereza tungesema "one mudd of water". Kipimo kimehesabiwa, maji hayakuhesabiwa. Na hapo kuna funzo jingine kwa yule anayefungua bomba likamwagika tangu anaanza udhu mpaka anamaliza.

Kuuliza kiasi tunasema "How much water?" wala si "How many water?". Kwa maji mengi tunasema "a lot of water".

HERUFI MOJA INAYOBADILI MAANA

Linganisheni sentensi hizi mbili:

"There is a little water in the tank."
"There is little water in the tank."

Ya kwanza maana yake ni kwamba maji kidogo yapo, tunaweza kujikimu. Ya pili maana yake ni kwamba maji ni haba, hayatoshi. Tofauti ni herufi "a" tu. Mwanafunzi aliyeombwa na wazee wa kijiji awaandikie barua kwa wafadhili wa nje kuomba msaada wa maji, akiiweka "a" mahali isipotakiwa, atakuwa amewaambia wafadhili kuwa hali si mbaya.

Jambo la pili ni "boiled water" na "boiling water". "Boiled water" ni maji yaliyochemshwa, nayo yakipoa hunywewa. "Boiling water" ni maji yanayochemka wakati huo huo, nayo huunguza. Maelekezo mengi ya dawa na maziwa ya watoto yameandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mzazi humpa mwanawe aliye shuleni amsomee. Mtoto akikosea hapa, hakosi alama tu, bali anaweza kumdhuru mdogo wake. Kadhalika akisoma kwenye pakiti ya chumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini "one litre of water", ajue ni lita kamili, si kikombe. Dawa hiyo ikikolea kupita kiasi humdhuru mgonjwa.

MAJINA YA MAJI MBALIMBALI

Msitafsiri neno kwa neno. Maji ya kunywa ni "drinking water", si "water of drinking". Maji ya bomba ni "tap water" au "piped water". Maji ya mvua ni "rainwater", neno moja lisilotenganishwa. Maji ya moto ni "hot water". Maji ya chumvi ni "salt water". Maji ya matunda ni "juice", hayaitwi "water" kabisa. Na maji ya bahari yakijaa au kupwa, Mwingereza hutumia neno "tide".

Neno kisima linataka uangalifu. Nyumba nyingi huku kwetu zina kisima uani, lakini ni shimo lililosakafiwa kwa saruji, linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kwa Kiingereza hicho ni "underground tank" au "cistern". Neno "well" ni kisima kilichochimbwa mpaka kwenye maji ya ardhini. Ukimwambia mgeni "We have a well at home", atadhani mna maji mwaka mzima, kumbe mnasubiri masika.

Vitendo navyo vina maneno yake. Kuteka maji ni "to fetch water". Ukivuta kwa kamba kisimani ni "to draw water". Maji yakituishia tunasema "We have run out of water". Yakikatwa bombani, "The water has been cut off". Nalo "water" lenyewe huweza kuwa kitendo: "Water the seedlings" maana yake ni imwagilieni miche.

JE, "WATERS" HAIPO KABISA?

Ipo, lakini ina mahali pake. Hutumika kwa eneo kubwa la mto, ziwa au bahari: "the waters of the Ruvuma", au "Tanzanian waters", yaani sehemu ya bahari iliyo chini ya nchi yetu. Pia katika mazungumzo ya hotelini mtu huagiza "two waters" akikusudia chupa mbili. Katika mtihani msiitumie hiyo ya hotelini.

Mkilishika somo hili mmeshika mengi, kwa sababu maziwa, mafuta, mate na matope yana sura ya wingi kwetu lakini kwa Kiingereza ni umoja: "The milk is fresh", "This oil is expensive", "The mud was deep".

ZOEZI

Sahihisheni sentensi hizi, kisha mlinganishe na majibu yaliyo chini.

1. These waters are cold.
2. How many water do you need?
3. She carried three bucket of waters.
4. We drink water of rain.
5. The waters are finished at home.

Majibu: 1. This water is cold. 2. How much water do you need? 3. She carried three buckets of water. 4. We drink rainwater. 5. We have run out of water at home.

Wazazi wetu, tunawaomba mkae na watoto jioni moja mlifanye zoezi hili pamoja. Asiyejua Kiingereza ashike karatasi ya majibu, na mtoto asome. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atuteremshie mvua ya rehema. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.