KIANGAZI NI WAKATI WA KUTENGENEZA VIWANJA VYA UMMA

Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, udongo ni mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi hupasuka. Mvua ikinyesha huwa tope linalonasa miguu na magurudumu. Kwa hiyo yafaa viwanja na mitaro ya umma itengenezwe kabla ya mvua za vuli, ambazo kwa kawaida huanza Oktoba.

Lakini kazi isianze kwa jembe. Ianze kwa baraza. Waitwe akina mama, wachuuzi, vijana na wafugaji, waulizwe kila mmoja haja yake. Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 chataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala.

Pili, hakikisheni katika ofisi ya ardhi kwamba kiwanja kimeandikwa kuwa cha umma, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, zibueni mitaro, mkachimbe mashimo ya miti sasa. Migunga ipandwe mvua ianzapo.

Mwisho, chagueni watunzaji. Mti hunyauka upesi mahali ambapo kila mtu hudhani mwenzake ndiye atakayeumwagilia maji.