Kuuza Nyumba Yenye Duka Nyanchwa: Hesabu Kodi Mapema

Nyanchwa, mjini Kisii, nyumba nyingi zina kazi mbili. Familia inaishi nyuma, na mbele, upande wa barabara, kuna duka, kinyozi au wakala wa M-Pesa. Nyumba ya namna hiyo ikiuzwa, mwenyewe huwaza bei na wakili kwanza, kodi akaikumbuka uhamisho wa hati ukikwama. Anza na kodi.

Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudi Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15 ya faida, na anayelipa ni muuzaji. Mnunuzi ana mzigo wake, ushuru wa stempu.

Sheria inaisamehe nyumba ya makazi ikiwa mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla tu ya kuiuza. Lisome sharti hilo mara mbili. Aliyehamia Nairobi mwaka jana akaipangisha nyumba yake amekwisha kuukosa msamaha, hata kama alilea watoto wake wote humo. Na duka si makazi. Wapo watakaokwambia udai msamaha wa jengo zima kwa kuwa unalala humo. Mimi sikushauri hivyo: leseni ya biashara ya kaunti iko kwa jina lako, na mapato ya duka umeyaandika kwenye ritani zako. Wala usitegemee msamaha wa shamba lisilofika ekari 50, kwani huo ni wa ardhi ya kilimo iliyo nje ya manispaa.

Njia ya haki ni kupima na kugawa. Chukua jengo la mita za mraba 160, ambalo duka limechukua 40, yaani robo. Tuseme limeuzwa shilingi 9,000,000. Kiwanja, ujenzi, wakili na ushuru wa stempu wakati wa kununua viligharimu 5,000,000, na gharama za kuuza ni 200,000. Faida ni 3,800,000. Robo yake ni 950,000, na asilimia 15 ya hiyo ni shilingi 142,500. Bila msamaha wowote ungelipa 570,000. Mchoro wa mpimaji au ripoti ya mthamini inayoonyesha mgawanyo huo ina uzito kuliko maneno yako. Ipeleke pamoja na barua kwenye ofisi ya KRA mjini Kisii, upate jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ikiwa kwenye ritani za biashara uliwahi kudai makato ya uchakavu wa jengo, kiasi kilichokubaliwa kinapunguzwa kwenye gharama yako ya sasa. Huwezi kukitoa mara mbili. Fungua ritani za nyuma uangalie.

Kinachowaumiza watu zaidi ni ushahidi wa gharama. Risiti ya simiti iliyochapwa na mashine ya dukani hufifia mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo. Fundi aliyelipwa taslimu aandike kiasi, tarehe na kazi aliyofanya, atie sahihi na namba ya kitambulisho. Malipo ya M-Pesa yana taarifa yake, iombe. Ukuta uliojenga bila karatasi yoyote utakuwa vigumu kuuhesabu kama gharama, na hapo faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ushahidi wa makazi uwekwe vilevile: bili za maji, barua ya chifu, na mita ya stima ya nyumba iliyotengwa na ya duka.

Usikubali bei ndogo iandikwe kwenye mkataba. Mthamini wa serikali huikagua thamani kwa ajili ya ushuru wa stempu, na tofauti itaonekana.

Kodi yenyewe hulipwa kupitia iTax, kwa PIN yako, kabla uhamisho haujasajiliwa. Kama unafikiria kuuza mwaka ujao, tafadhali tenganisha mita na ukusanye risiti wiki hii.